Tusisubiri Gari Lipate Pancha

Jumapili usiku, hosteli. Umeme upo, maji hakuna. Kama kawaida.

Najua nimepotea. Kuna waliotuma meseji kuuliza kama nimezama baharini, na kuna mmoja (anajijua) aliyeuliza kama nimeolewa na Mtaliano. Sijazama wala sijaolewa. Nilikuwa fildi Unguja wiki nane, nikapitia nyumbani Mafia wiki mbili, na juzi ndiyo nimerudi chuo. Ripoti ya fildi inatakiwa Ijumaa na mpaka sasa nina kurasa tatu, mojawapo ikiwa ya shukrani. Lakini kuna jambo limenikaa kooni, na kwenye ripoti haliingii, kwa sababu ripoti ina vichwa vyake: utangulizi, majukumu, changamoto, mapendekezo. Jambo langu halina kichwa. Ngoja nilitue hapa kwanza, labda na ripoti nayo itatoka.

Kwa wageni wa ukurasa huu: natoka Kiegeani, Kisiwa cha Mafia, mkoa wa Pwani. Ndiyo, Mafia. Hapana, sisi si majambazi, na utani huo nimeusikia tangu wiki ya kwanza ya mwaka wa kwanza. Ukitua Kilindoni, penye uwanja wa ndege, bandari na soko, unashika barabara ya lami kwenda Utende, penye hoteli nyingi za watalii, ghuba ya Chole na geti la Hifadhi ya Bahari. Kiegeani ipo njiani. Yaani karibu kila mtalii aendaye Utende anapita kwetu. Shikeni hapo kwenye neno "anapita", ndiyo mada ya leo.

Sasa turudi Unguja. Hoteli niliyofanyia fildi siitaji jina, maana ripoti yangu bado inahitaji muhuri wao. Ni moja ya zile kubwa za pwani ya mashariki, zile ambazo mgeni akifika anafungwa bangili ya plastiki mkononi. Bangili ile maana yake ni "kila kitu ndani". Umeshalipa kwenu Milano au Warsaw: ndege, chumba, chakula mara tatu, soda, bia, aiskrimu ya saa kumi, muziki wa usiku. Ukifika, kazi yako ni kunyoosha mkono tu bangili ionekane.

Wiki ya kwanza nilishangaa, nikawa kama mtoto kwenye sikukuu. Bafe ya asubuhi peke yake ina mezani vitu ambavyo kwetu ni vya harusi tatu. Wiki ya pili nikaanza kuuliza maswali, na msimamizi wa mapokezi, mama mmoja mkarimu sana, akawa ananijibu akiwa na nafasi.

Kumbe biashara hii si ya jana. Mwaka 1950 mwandishi wa habari wa London, Vladimir Raitz, alipeleka watu Calvi, kwenye kisiwa cha Corsica, kwa pauni 32 na shilingi 10. Wakalala kwenye mahema ufukweni, ndege na chakula vikiwa ndani ya bei. Mwaka huohuo Gérard Blitz, Mbelgiji, akaanzisha Club Méditerranée, na kijiji chao cha kwanza kilikuwa cha mahema pia, Alcúdia, kisiwani Majorca. Watu walikuwa wametoka vitani, hela hawana, wanataka jua. Kwa hiyo wazo lenyewe halikuwa baya hata kidogo. Mfanyakazi wa kiwandani aliweza kujua kabla ya kuondoka nyumbani kwamba hatapigwa bei akiwa ugenini. Hata mimi ningelipa. Nani kati yetu hajawahi kushuka Ubungo akakutana na teksi ya bei ya ajabu?

Ubaya uko kwenye ile bangili inavyobadilisha akili ya mtu. Mkisoma hii taratibu mtanielewa. Mtu akishalipia chakula cha mchana, njaa yake si biashara ya mtu mwingine tena. Akipita kwa mama ntilie akasikia harufu ya samaki wa kupaka, hajiulizi "ni bei gani?", anajiuliza "kwa nini nilipe mara mbili?" Ukimwuzia dafu, anakumbuka juisi ya bure hotelini. Si bahili! Nimehudumia wageni walioacha bakshishi kubwa kuliko posho yangu ya fildi. Ni hesabu tu. Wewe ukiwa umelipia chakula cha mwezi mzima kafteria, utakwenda kununua chipsi nje kila siku? Bumu lenyewe hili?

Na hela yenyewe inapitia mbali. Mgeni analipa kampuni ya safari kwao, kampuni inalipa ndege, inakata chake, kisha inailipa hoteli bei ya makubaliano, mara nyingi wageni wakiwa wameshaondoka. Mwezi Septemba 2019 kampuni ya Thomas Cook ya Uingereza, iliyokuwa na umri wa miaka 178, ilianguka usiku mmoja. Serikali yao ikatuma ndege kuwarudisha watu wao wapatao 150,000 waliokwama likizoni. Lakini wenye hoteli za Ugiriki na Hispania waliowalisha wageni wa kampuni hiyo majira yote ya joto walibaki na ankara mkononi. Hao ni Wazungu kwa Wazungu, wenye mahakama na mabenki yao. Sasa mfikirie mwuza pweza wa pwani yetu, ambaye yuko mwisho kabisa wa mnyororo huo.

Mtasema, "lakini kuna safari za matembezi, wageni wanatoka." Ni kweli, wanatoka, nami ndiyo ilikuwa sehemu kubwa ya fildi yangu. Jumatatu Mji Mkongwe, Jumanne mashamba ya viungo, Jumatano Jozani kuangalia kima punju, Alhamisi Changuu kwa wale kobe wakubwa. Mgeni anaandikishwa mezani mapokezi, anapanda basi dogo lenye kiyoyozi, anashuka, anapiga picha, anapelekwa duka moja ambalo dereva analijua vizuri (hapo sisemi zaidi), anarudi kuwahi bafe. Safari ya boti tulikuwa tunaiuza dola 55 kwa kichwa. Siku moja walikuwa kumi, hiyo ni dola 550. Nahodha alipokea shilingi 200,000, mafuta juu yake, vijana wawili juu yake. Piga mwenyewe hesabu.

Na burudani? Kila Jumamosi tulikuwa na "Usiku wa Kiafrika". Wamasai wanaruka. Pwani ya Unguja, wadau, Wamasai wanaruka! Sina neno na ndugu zangu, nao wanatafuta riziki mbali na kwao. Lakini kidumbaki je? Taarabu je? Wenyewe wapo kijijini mita mia tatu kutoka getini, wanasikia spika za hoteli.

Kulikuwa na mzee mmoja Mtaliano na mkewe, watu wa makamo, wapole. Siku ya tano ya likizo yao yule mama aliniuliza kwa Kiingereza cha kubabaisha kama changu: "Ninyi mnakula nini nyumbani?" Nikamwambia wali wa nazi, pweza, mhogo, kisamvu. Akasema mezani hajaviona. Nikajibu kwa kweli mezani havipo, siku za Kiswahili kuna pilau moja iliyopoozwa pilipili. Akauliza kama anaweza kwenda kula kijijini, kwa mtu. Moyo ukanidunda kwa furaha. Nikaongea na mama mmoja mpishi wa hoteli ambaye nyumbani kwake ni palepale jirani, akakubali.

Msimamizi aliposikia akaniita pembeni. Hakunifokea. Alisema, "Mwanangu, yule mgeni akiumwa tumbo kesho, kampuni iliyomleta itatuuliza sisi. Usimtoe mgeni nje bila karatasi." Nikarudi kwa yule mama wa Kitaliano nikamwambia haitawezekana. Akaniangalia, akaangalia bangili yake, akaizungusha kidogo mkononi, akasema sawa. Wiki moja na nusu alikaa Zanzibar. Aliondoka bila kula chakula cha nyumba ya mtu hata siku moja.

Msinielewe vibaya, msimamizi alikuwa sahihi kwa upande wake. Hapo ndipo ugumu ulipo. Kila mtu alikuwa sahihi, na mlango ukabaki umefungwa.

Haya. Fildi ikaisha, nikavuka Dar, nikaenda Nyamisati, nikapanda boti hadi Kilindoni, na bodaboda hadi Kiegeani. (Kuhusu mawimbi ya siku ile nitaandika siku nyingine, bado tumbo linakumbuka.)

Mama yangu ana kibanda kando ya barabara. Anauza madafu, vitumbua asubuhi, na jioni pweza wa kukaanga akipatikana. Ndani anasuka mikeka ya ukindu, ile yenye rangi. Wiki ya kwanza nilikaa naye kibandani nikihesabu magari ya wageni kwa sababu ya uchovu tu wa kutokuwa na kazi. Yanapita. Vioo vimefungwa, nyuso nyeupe zinageuka kidogo, mkono mmoja unapunga, kwisha. Watoto wanapunga na wao. Hiyo ndiyo biashara yetu na utalii: kupungiana mikono.

Basi bwana, Jumatano ya wiki ya pili gari moja lililotoka uwanjani likapata pancha. Si mbele ya nyumba ya mwenyekiti, si kwenye minazi huko. Mbele ya kibanda cha mama! Dereva akashuka anafuta jasho, spea nayo haina upepo wa kutosha, ikabidi bodaboda itumwe. Wageni sita wakashuka. Mwanzoni walisimama kama watu waliopotea. Jua kali. Kisha mmoja akaonyesha kidole kwenye dafu.

Walikaa kama dakika arobaini. Walikunywa madafu mpaka mdogo wangu akapanda mnazi mara ya pili. Walikula vitumbua vilivyobaki vya asubuhi, vimeshapoa, wakavisifia. Mwanamke mmoja alikaa mkekani karibu na mama akajaribu kusuka, vidole vyake vikagoma, wakacheka wote wawili, hawana lugha ya pamoja hata moja. Mimi nikawa mkalimani. Waliuliza kwa nini nyumba zina baraza, watoto wanasoma wapi, pweza anakamatwaje. Wakanunua mikeka miwili. Mama hakuongeza bei. Nilimkonyeza aongeze, akajifanya hajaniona.

Siku ile mama aliuza kuliko wiki nzima iliyotangulia. Na dereva anawaomba wageni radhi kwa usumbufu! Mmoja akamjibu kwamba hajasumbuliwa hata kidogo. Gari likaondoka, na kesho yake magari yakaendelea kupita kama kawaida.

Usiku ule sikulala vizuri. Nikawa najiuliza: hivi sisi tunasubiri pancha?

Baada ya Isha nilimfuata mjomba barazani. Mjomba wangu ana boti, inafanya kazi na moja ya hoteli za Utende, anapeleka wageni Chole na Juani, na msimu wa papa potwe, kuanzia Oktoba hivi mpaka Machi, anawapeleka mbele ya Kilindoni kuogelea na yule samaki mkubwa kuliko wote duniani. Nikamwamkia, nikamwaga hoja zangu zote, bangili, dola 55, Thomas Cook, kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatia chumvi moja tu:

"Mpwa wangu, godoro lako la bweni lilitoka wapi?"

Nikanyamaza.

"Nauli ya chuo je? Hiyo simu?" Akaendelea. "Mimi bila hizo hoteli ningekuwa bado navuta nyavu. Wewe umeshiba chakula cha kila kitu ndani, sasa unakitukana."

Wadau, hapo nilipigwa. Kwa sababu ni kweli. Mimi ni matunda ya hela ya hoteli. Na haki itendeke: hoteli za kwetu Mafia ni ndogo, si zile za vyumba mamia, na ziko zilizosaidia vijiji. Chole watu wanaweza kukuonyesha walivyofaidika. Pale mgeni akitoka tu nje anakanyaga kijiji kwa miguu yake: magofu ya enzi za Wajerumani, popo wakubwa kwenye miti, mafundi wa majahazi. Juani nako, ukiacha magofu ya Kua, shirika la Sea Sense limefanya kazi na wanakijiji kulinda viota vya kasa, na mgeni anayekwenda kuangalia vitoto vya kasa vikishuka baharini analipa, sehemu inabaki kijijini. Kwa hiyo inawezekana. Sijasema utalii ufe.

Lakini nikamrudia mjomba: "Na mwaka ule wa korona?" Mwezi Aprili 2020 ndege za nje zilisimama, na hata ziliporuhusiwa tena Mei, wageni waliendelea kuwa wachache kwa muda mrefu. Boti ya mjomba ililala mchangani. Akakiri kwamba wale waliokuwa na wateja wa kwao wenyewe, wa samaki na wa mizigo, walisukuma maisha. Yeye alikuwa na mteja mmoja tu: hoteli. Hoteli ikifunga mlango, naye amefungwa.

"Sasa unataka nini hasa?" akauliza. "Wageni wasile hotelini?"

"Nataka wale mlo mmoja kwetu."

Akacheka sana. Kisha akasema jambo ambalo limenifundisha kuliko fildi yote: "Wapi? Kwa mama yako kuna choo cha kumpa mgeni?"

Hakuna. Yaani kipo, lakini mnaelewa.

Hebu tugeuzie kioo kwetu kidogo, maana najua mnaosoma mnasema "Wazungu hao". Mnakumbuka tripu ya darasa ya Bagamoyo mwaka jana? Tulikodi kosta. Tulibeba maji katoni nne, soda, na wali kuku kwenye maboksi kutoka hapahapa Dar. Tukafika Kaole, tukapiga picha kwenye magofu ya msikiti, tukala maboksi yetu chini ya mwembe, tukapanda gari. Yule mama aliyekuwa na ndoo ya mihogo ya kukaanga getini alituangalia tukiingia, akatuangalia tukitoka. Hakuna aliyenunua. Tulikuwa tumeshashiba. Tulimwachia maboksi matupu.

Sisi, wanafunzi wa utalii, tulifanya kila kitu ndani. Bila bangili.

Kwa hiyo hoja yangu si ya rangi ya mtu. Hoja yangu ni kwamba safari iliyolipiwa kila kitu mapema inamtoa mwenyeji kwenye mazungumzo. Inanunua bahari, mchanga, minazi na machweo, vitu ambavyo hakuna aliyevitengeneza, na inawaacha watu ambao ndio wanaovitunza. Vijiji vya ndani ya Hifadhi ya Bahari, tangu hifadhi ianzishwe mwaka 1995, vimekatazwa zana fulani za uvuvi na maeneo fulani ili matumbawe na samaki wabaki. Mgeni anayazamia matumbawe yale akiwa na miwani na mrija, anafurahi, na ana haki ya kufurahi. Lakini aliyeacha kuvua pale hakai naye mezani.

Na tusijidanganye kwamba wivu huu hauna mwisho mbaya. Julai 2024 wakazi wa Barcelona waliandamana wakiwarushia watalii maji kwa bastola za kuchezea, na mwezi huohuo maelfu wakaandamana Palma, Majorca, kulekule zilikoanzia likizo za mahema. Ukiwaacha watu wapungiane mikono miaka mingi, ipo siku mkono mmoja utashika kitu. Sisi bado tunapenda wageni. Tuitumie hali hiyo kabla haijaisha.

Mapendekezo yangu, na haya nitayapachika kwenye ripoti wapende wasipende:

Kwanza, hoteli ziuze chumba na milo miwili, asubuhi na usiku. Mchana uwe huru. Anayetaka kula ndani alipe ndani, anayetaka kutoka atoke. Kama kampuni za huko nje zinang'ang'ania bei ya jumla, basi angalau mchana mmoja katika wiki mgeni apewe vocha ya kula kijijini, na hoteli imlipe mama ntilie. Hapo hata ile "karatasi" ya msimamizi wangu inapatikana: chakula cha nje kinakuwa sehemu ya mpango, si uhalifu.

Pili, magari yasimame. Dakika ishirini tu. Safari ya kutoka uwanjani ni fupi, mgeni amechoka na ndege, dafu ni haki yake. Dereva asidai chochote kwa kusimama, na sisi tusimganda mgeni kama nzi. Bei iandikwe ubaoni, moja kwa wote. Mama yangu alishanifundisha hilo bila kufungua mdomo.

Tatu, mkutano mkuu wa kijiji. Sheria inataka uitishwe kila miezi mitatu na hesabu zisomwe. Tuhudhurie! Tuulize kinachotokana na hifadhi na hoteli kimefika kiasi gani, kimefanya nini. Vijana wa kijijini tukirudi likizo tunakaa vijiweni na simu, halafu tunaandika blogu kulalamika. Ndiyo, najisema mwenyewe.

Nne, na hii ndiyo ngumu, tufanye kazi yetu ya nyumbani. Choo. Maji safi ya kunawa. Chungu kilichofunikwa. Hatuwezi kumlaumu msimamizi kwa kuogopa tumbo la mgeni kama sisi wenyewe tunajua ndoo yetu haina mfuniko.

Kuna watakaosema nimekuwa na ndoto ndogo, eti wenzangu wanawaza viwanja vya ndege vya kimataifa, mimi nawaza choo na vitumbua. Sawa. Mafia nzima, kwa sensa ya 2022, tuko watu zaidi ya 66,000. Ndoto ndogo zinatutosha kuanzia.

Siku ya kuondoka nilinunua rangi Kilindoni nikamwandikia mama kibao: DAFU 1,000. KITUMBUA 200. MKEKA ULIZA. Chini nikaandika na Kiingereza. Mama akakitazama akasema herufi zimepinda. Mjomba alikuja na boti yake asubuhi ile, hakusema kitu kuhusu mazungumzo yetu, lakini nyuma ya nyumba nilikuta mifuko miwili ya saruji ambayo jana yake haikuwepo. Nikamwuliza mama ni ya nini. Akasema, "Mwulize mjomba wako, mimi kaniambia nisiguse."

Kwa hiyo ombi langu kwenu: mliopo uhandisi, nahitaji mchoro wa choo cha bei nafuu kwa sehemu ya mchanga, ambapo maji ya kisima hayako mbali chini. Kisichafue kisima, tafadhali, kisima chenyewe tunakunywa. Nitumieni hapa au mnikute kafteria. Soda juu yangu, bumu likitoka.

Na tripu ijayo ya darasa, tusibebe maboksi.

Naomba kuwasilisha. Ngoja nirudi kwenye ukurasa wa nne.